Sura ya Saba: Asiyetajwa Kikaoni

Mwanamke akitaka kujua kama anapendwa au anachezewa, asiulize chumbani. Chumbani kila mwanaume ni mkweli. Aulize mahali ambapo mama wa huyo mwanaume anasikia. Janine Tordoff alikuwa na miaka thelathini na sita, alishaolewa akaachika, alishawauzia bia watu wa kila namna, na bado somo hili lilikuwa halijamwingia kichwani. Jumatano ile liliingia, tena kwa nguvu.

"Leo umejipodoa," alisema Sheila, mpishi wa baa, huku akimwaga chipsi kwenye mafuta. "Unakwenda kikaoni au unakwenda kuposwa?"

"Niache, Sheila."

"Nikuache vipi? Miaka yote nakuona na ile rangi ya mdomo iliyofifia kama pazia la hosteli. Leo nyekundu! Kuna mtu huko juu anatakiwa akuone."

"Wadhamini wanaamua leo kama nabaki kazini au naondoka. Ulitaka niende kama nimetoka kusafisha mapipa?"

"Wadhamini wenyewe nusu yao hawaoni hata sahani iliyo mbele yao," alisema Sheila, akimtazama pembeni. "Hiyo rangi ni ya mmoja. Haya, nenda. Ila ukilia, usilie kwenye unga wangu."

Janine alicheka, akatoka jikoni. Ni kweli kazi yake ilikuwa mezani. Baa ya chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Calderwick alikuwa ameiendesha kwa miaka tisa, na sasa kampuni moja ya Manchester ilitaka kuikodi. Wahudumu wote wangebaki, Sheila na mafuta yake angebaki, ila kampuni ilikuwa na mameneja wake. Wa kuondoka alikuwa Janine peke yake. Waliokuwa na neno la mwisho ni bodi ya wadhamini, wale watu wazima wanaokuja kwa kujitolea, hawalipwi chochote isipokuwa sandwichi na shukrani, kuwasaidia wanafunzi wasikizamishe chama chao.

Lakini kazi hupotea na nyingine ikapatikana. Kilichompeleka Janine mbele ya kioo asubuhi ile ni ahadi ya Crispin Lumley.

Crispin alikuwa wakili na alikuwa mdhamini. Mapenzi yao yalianza Krismasi ya mwaka juzi, baada ya chakula cha bodi, wenzake walipokwenda kutafuta makoti na yeye akabaki kupanga viti. Hakuna aliyemwomba. Janine alimtazama yule mtu wa suti akibeba viti vinne vinne, jasho linamtoka, akajikuta anamwambia, "Weka chini, utaumia mgongo, unywe kitu." Tangu hapo Crispin alikuwa anakuja kwake, gari analiegesha mtaa wa pili. Akija anakuja na maua. Akiondoka anachungulia kwanza dirishani.

Jumatatu iliyopita Janine alimshika shati kabla hajavaa.

"Jumatano Hafsa atauliza nani ana masilahi," alimwambia. "Utasema nini?"

Huo ndio utaratibu wao. Kila kikao, kabla ya jambo lolote, mwenyekiti Hafsa huuliza kama kuna mdhamini mwenye ukaribu na mtu au kitu kitakachojadiliwa. Mwenye nao hutamka, huandikwa, na wakati wa kuamua hutoka nje.

"Nitasema," Crispin alijibu.

"Utasema nini? Nataka nisikie maneno yenyewe."

"Nitasema, mimi na Janine Tordoff tunapendana, kwa hiyo natoka nje."

"Mbele ya mama yako?"

"Janine, nina miaka arobaini na moja."

"Sikukuuliza umri."

Alimbusu paji la uso. "Mbele ya mama. Atanuna, kisha atazoea."

Maana Bi Rosalind Lumley, mama yake, naye alikuwa mdhamini. Ndiye aliyetangulia kwenye bodi, na ndiye aliyemwambia mwanawe aombe nafasi. Mwaka jana alipotimiza miaka sabini, Crispin alimwomba Janine akahudumie vinywaji kwenye sherehe. "Angalau utakuwepo," alimwambia. Janine alikuwepo kweli. Alisimama nyuma ya meza na aproni nyeusi, anamimina mvinyo, mpenzi wake anapita na kumkonyeza kama mtoto aliyeiba biskuti. Wageni walipoondoka Bi Rosalind alimtia noti mkononi, akamfunga vidole, akasema, "Ahsante, binti. Una mikono mizuri ya kazi." Usiku ule Janine alijiambia kwamba mwanamke akipenda hana budi kumeza mengi. Alimeza hilo pia.

Ukumbi wa kikao ulikuwa ghorofa ya juu, madirisha yanatazama uwanja ambako wanafunzi waliomaliza mitihani walikuwa wamelala kwenye majani wanajianika jua. Janine alipewa kiti cha pembeni, mahali pa wafanyakazi wanaokuja kutoa taarifa. Hafsa Mirza, rais wa wanafunzi, ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, hijabu ya samawati, na sauti isiyotetemeka mbele ya watu wenye umri wa babu zake.

"Haya jamani, tuanze na masilahi," alisema Hafsa. "Nani ana cha kutangaza?"

Bi Rosalind alinyanyua kalamu yake. "Mimi, kama kawaida. Yule pale nimemzaa mwenyewe."

Watu walicheka.

"Nami nimezaliwa na huyu hapa," alisema Crispin. "Sikuulizwa."

Wakacheka tena. Ulikuwa mzaha wao wa kila kikao, na kila kikao uliwafurahisha upya. Janine naye alitabasamu. Sasa, alijiambia. Sasa ataendelea. Alimtazama Crispin. Crispin alikuwa anatazama jagi la maji.

"Mwingine?" aliuliza Hafsa.

Janine alihesabu pumzi zake. Kohoa basi, mpenzi wangu. Sogeza kiti. Fanya kitu.

"Kama hakuna, basi tu…"

"Mwenyekiti, niwie radhi," Bi Rosalind alimkatiza, kwa sauti laini. "Leo tunazungumzia riziki ya mtu, na mwenyewe tumekaa naye humu. Nadhani ni haki yake tuulizane vizuri zaidi. Kuna yeyote kati yetu mwenye ukaribu naye? Urafiki, undugu, au hayo mengine ya watu wazima?"

Mzee mmoja alikohoa kicheko. Hafsa alifikiri kidogo.

"Ni swali la haki. Basi tuzunguke meza, kila mtu ajibu."

"Hakuna," alisema wa kwanza.

"Hakuna."

"Mimi ananijua kwa kinywaji tu," alisema yule mzee, na watu wakaangua kicheko.

Ikafika kwa Crispin. Alinyanyua macho, yakakutana na ya Janine, yakakaa hapo kitambo kidogo. Janine aliiona ile rangi ya kijani aliyokuwa akiitazama asubuhi kabla kengele ya saa haijalia. Akajua kwa hakika, moyo wote, kwamba atasema.

"Hakuna," alisema Crispin. Kisha, kana kwamba neno moja halikutosha, akaongeza, "Namfahamu kama tunavyomfahamu sote. Anatuwekea chai."

Kuna maumivu yanayoanzia moyoni, na kuna mengine yanayoanzia usoni. Haya yalianzia usoni. Janine alihisi rangi ya mdomo ikimkaa kama uchafu, akatamani kuifuta kwa kiganja pale pale. Bi Rosalind aliandika kitu kwenye karatasi yake, akapiga mstari chini yake, akaweka kalamu. Alikuwa ametulia sana.

"Janine, karibu utueleze," alisema Hafsa.

Akaeleza. Kesho yake asingekumbuka alieleza nini. Alisema juu ya wanafunzi wanaokuja kulia kwake kwa sababu kwao ni mbali, juu ya yule kijana ambaye yeye alimnyima bia akamlaza sofani mpaka kaka yake alipomfuata, juu ya kampuni isiyoweza kumjua mtoto anayekunywa peke yake. Alieleza vizuri. Sauti ilikuwa yake, midomo ilikuwa yake, ila yeye mwenyewe hakuwepo. Kisha Hafsa alimshukuru, akamwomba atoke ili bodi iamue.

Alishuka mpaka chini kabisa, kwenye chumba cha mapipa, penye baridi na harufu ya bia iliyomwagika zamani. Alikaa juu ya pipa. Hakulia. Juu yake baa ilikuwa inaanza kujaa, miguu ya vijana inagonga sakafu.

Mlango ulifunguliwa. Crispin aliingia akiwa anahema, tai imelegea, uso unang'aa.

"Umebaki!" alisema. "Janine, umebaki! Hawakodishi. Tumeshinda kwa kura moja."

Alifungua mikono. Janine hakuinuka.

"Kura moja," alirudia Janine.

"Yangu! Huoni? Ningesema ningetolewa nje, kura yangu ingepotea, ingekuwa sare. Sare ni ya mwenyekiti, na Hafsa anataka kukodisha, wanafunzi wanalilia chakula cha bei nafuu. Ungekuwa umeondoka sasa hivi." Alipiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake. "Nilifikiria palepale, mama alipouliza. Nikasema, nimpe jina au nimpe kazi? Nikakupa kazi."

Laiti mazungumzo yangeishia hapo. Pengine moyo wa Janine, uliozoea kumsamehe, ungemsamehe tena, maana maneno yalikuwa na sura ya kweli, na mikono ilikuwa ya joto.

"Na mama yako alipiga kura gani?"

"Hilo ndilo la ajabu. Alikuunga mkono. Kasema hawezi kupatikana meneja kama wewe."

Janine alichomoa mikono yake.

"Wako bado juu?"

"Wanakula sandwichi. Kwa nini?"

"Panda ukawaambie."

"Nikawaambie nini?"

"Ulichoniahidi Jumatatu."

Crispin alicheka kidogo, kisha akaona hachekewi. "Janine, nikisema sasa kura inafutwa. Utafukuzwa kazi!"

"Najua."

"Huna akiba. Nyumba ya kupanga. Utakula nini?"

"Nitauza bia kwingine. Calderwick hii ina mto mmoja na baa mia. Panda, Crispin."

"Hujafikiri vizuri. Una hasira."

"Ulisema ulinipa kazi kwa sababu ndiyo niliyoihitaji. Mimi mwenye kazi nasema siitaki. Nairudisha. Sasa kimebaki nini cha kukuzuia?"

Crispin aliinuka, akakaza tai. Juu, watu walikuwa wanaimba.

"Ofisini kwangu wakisikia nilidanganya bodi…" alianza.

"Hiyo ni moja."

"Na mama… afya yake…"

"Bi Rosalind anaogelea baharini mwezi wa pili, katikati ya baridi! Afya gani?"

"Nipe muda. Mpaka majira ya baridi. Nitamwandaa taratibu, nyumbani, si mbele za watu."

"Umenikana mbele za watu," alisema Janine, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika. "Umeniita mwekaji chai, Crispin. Kunikana hakukutosha? Hata 'hakuna' haikutosha, ukatafuta na la kuongezea!"

"Ilikuwa ya kuwapoteza maboya, mpenzi wangu…"

"Usiniite."

Aliinuka, akampita. Crispin alimshika mkono, akamwachia mwenyewe alipoona macho yake. Janine alipanda ngazi bila kukimbia. Nyuma yake alisikia hatua zinamfuata, na jina lake likitajwa kwa kunong'ona. Hata hapo alikuwa ananong'ona.

Ukumbini wadhamini walikuwa wamesimama na sahani za karatasi. Walipomwona walimpigia makofi, na yule mzee akasema, "Chai yetu imeokoka!" Janine alisubiri makofi yaishe.

"Hafsa," alisema, "kura mliyopiga si halali. Mimi na Crispin Lumley tuko pamoja tangu Krismasi ya mwaka juzi. Analala kwangu. Mswaki wake uko kwangu."

Hakuna aliyetafuna. Crispin alikuwa amefika mlangoni, mkono kwenye fremu. Hafsa aliweka sahani chini polepole.

"Crispin," alisema. "Ni kweli?"

Crispin alimtazama mama yake. Si Janine, si Hafsa. Kama mtoto anayetafuta ruhusa ya kwenda msalani, alimtazama mama yake.

"Jibu, mwanangu," alisema Bi Rosalind. "Mwenyekiti amekuuliza."

"Tuna… tulikuwa na mazoea," alisema Crispin. "Si jambo… sikuliona kuwa jambo la kutangaza."

"Mazoea ya aina gani?" Hafsa hakumwachia.

"Ya kupita."

Bi Rosalind aliifuta midomo kwa kitambaa cha karatasi, akamsogelea Janine mpaka manukato yake yakamfikia. Alizungumza kwa upole, kama siku ile ya noti.

"Nilijua tangu siku ya sherehe yangu, binti. Mwanaume hamkonyezi mhudumu mara sita. Nikaona ukiambiwa na mimi hutaamini, kwa hiyo nikataka usikie mwenyewe kutoka mdomoni mwake. Na nilikupigia kura kwa moyo mmoja, baa umeiendesha vizuri kuliko wote waliokutangulia. Kwa kazi sina neno na wewe. Ila mkwe tu ndiyo siwezi kukuita."

"Hukuhangaika bure, mama," alisema Janine. "Nimesikia."

"Janine," Hafsa alimwita. Macho ya yule binti yalikuwa yamejaa maji, na sauti sasa ilikuwa inatetemeka. "Nikifuta kura yake inakuwa sare. Sare nalazimika kuamua mimi. Na unajua… nilishawaahidi wanafunzi."

"Najua, mdogo wangu. Fanya kazi yako."

"Mngeweza kusema kabla."

"Yeye angeweza," alisema Janine. "Mimi nilikuwa nangoja nitajwe."

Alishuka. Hakusubiri kusikia akifukuzwa, alishajua. Chini baa ilikuwa imefurika, vijana wanakumbatiana, meza zimejaa bilauri, na nyuma ya kaunta wahudumu wawili wanahangaika. Sheila alitoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, akamwona uso, akakirudisha ndani. Janine alifunga aproni, akaosha mikono, akaanza kumimina.

Crispin alikuja baada ya kitambo. Alijipenyeza kati ya vijana mpaka akafika kaunta, suti imemwagiwa bia begani. Alisimama mbele yake. Janine alimhudumia binti wa kushoto, kisha kijana wa kulia aliyefika baada ya Crispin.

"Janine."

Alimhudumia mwingine.

"Janine, nakupenda!"

Alisema kwa sauti, safari hii. Alipaza kwelikweli, mishipa ya shingo imemtoka. Vijana waligeuka. Mmoja akapiga mluzi, wengine wakaanza kugonga kaunta kwa viganja, "Mjibu! Mjibu!" Uso wa Crispin ulilowa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Janine aliyaona. Kwa mwaka na nusu alikuwa ameyaomba maneno hayo yasemwe mbele ya watu, na sasa watu walikuwepo, tena wengi, na mwili wake wote ulitaka kuinama juu ya kaunta umshike uso yule mtu.

Alifunga bomba la bia.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza.

Crispin alifuta macho kwa mkono wa koti. "Ameshaondoka. Nimemsindikiza kwenye gari."

"Ndiyo maana," alisema Janine. Akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma ya Crispin. "Haya, nani anafuata?"